Gaspard Monge: mwana wa mchuuzi aliyeifungulia dunia siri ya ramani

Fundi yeyote anayekabidhiwa ramani ya nyumba hukuta humo mambo yale yale. Ipo picha ya nyumba ikitazamwa kutoka juu, kana kwamba paa limeondolewa. Ipo picha ya uso wake wa mbele, na ipo ya ubavu. Picha hizo zinafungamana, na upana uliomo katika moja hauna budi kulingana na upana uliomo katika nyingine. Mwanafunzi wa shule ya ufundi wa Nairobi, Kampala au Dar es Salaam hufundishwa utaratibu huo mapema kabisa katika masomo yake, na mtu anayejifunza nyumbani kwa kujifurahisha tu, akiwa na penseli, rula na bikari, huanzia papo hapo. Ni nadra wao kuambiwa kwamba utaratibu huo, ulipopata umbo lake la kielimu, ulikuwa siri ya jeshi, na kwamba mtu aliyeutunga alizuiwa kuutangaza kwa karibu miaka 30.

Mtu huyo ni Gaspard Monge, Mfaransa aliyezaliwa mwezi Mei mwaka 1746 katika mji mdogo wa Beaune, katika jimbo la Burgundy linalosifika kwa mizabibu. Baba yake, Jacques, alikuwa mchuuzi mwenye asili ya milima ya Savoy, mtu wa kubeba bidhaa zake kutoka gulio hadi gulio. Wachuuzi wa siku hizo hawakuhesabiwa kuwa watu wa maana, na watoto wao hawakutarajiwa kwenda mbali. Jacques Monge hata hivyo alikuwa na imani isiyotetereka katika shule. Wanawe watatu wa kiume aliwapeleka kwa mapadri wa shirika la Oratori waliokuwa na chuo mjini Beaune, na wote watatu walikuja kuwa walimu wa hisabati.

Gaspard alikuwa wa kwanza kuzaliwa na wa kwanza kung'ara. Alipofikisha umri wa miaka 16 alipelekwa Lyon kuendelea na masomo, na mwaka uliofuata wakubwa wa chuo walimpa kazi ya kuwafundisha wenzake fizikia. Aliporudi nyumbani wakati wa mapumziko ya mwaka 1764, alianza kazi ambayo hakuna aliyemtuma. Aliamua kuchora ramani ya mji wake wote, barabara kwa barabara, kuta kwa kuta. Hakuwa na vyombo vya upimaji, kwa hiyo alivitengeneza mwenyewe, na hata njia ya kupima ilimbidi aibuni kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kumwelekeza. Kazi ilipokamilika aliukabidhi mji wake ramani hiyo.

Ramani ya kijana wa miaka 18, iliyochorwa kwa hamu na si kwa ujira, ndiyo iliyogeuza maisha yake. Ofisa mmoja wa kikosi cha wahandisi wa jeshi aliiona, akastaajabia usafi wa mistari yake, akampendekeza kijana huyo kwa wakuu wa Shule ya Kifalme ya Uhandisi wa Kijeshi iliyokuwa Mézières, kaskazini mashariki mwa Ufaransa. Monge alikwenda huko mwaka 1765 akiwa na matumaini makubwa.

Mlango aliofunguliwa

Shule ya Mézières ilianzishwa mwaka 1748 ili kuwafunza maofisa wa kujenga na kuzingira ngome, na ilikuwa miongoni mwa shule bora za sayansi barani Ulaya. Lakini aliyetaka kuwa mwanafunzi kamili alipaswa kwanza kuthibitisha kwamba ukoo wake ni wa makabaila au unaishi kama makabaila. Mwana wa mchuuzi hakuwa na ukoo wa kuonyesha. Akapewa nafasi katika karakana iliyoambatanishwa na shule, walimofundishwa wasimamizi wa ujenzi na wachora ramani wa kawaida. Humo vijana walinakili ramani na kufinyanga vielelezo vya jasi vya mawe ya kujengea matao, ili mwashi ajue namna ya kulichonga kila jiwe. Wanafunzi makabaila waliipa karakana hiyo jina la dhihaka linalotokana na kazi ya kukoroga jasi.

Monge alisifiwa sana kwa mkono wake. Sifa hizo zilimchoma. Baadaye alisimulia kwamba mara nyingi alitamani kuzichana ramani zake, kwa kuwa zilivyozidi kupendwa ndivyo alivyozidi kuonekana kama mtu asiyefaa kwa kazi nyingine isipokuwa kupiga mistari. Alikuwa na fikra za hisabati kichwani, na hapakuwa na aliyemuuliza.

Aliulizwa baada ya mwaka mmoja hivi, na swali lenyewe lilihusu ngome. Mjenzi wa ngome wa karne ile alikuwa na tatizo moja kubwa lililotokana na ardhi. Ngome ikizungukwa na vilima, adui anaweza kupandisha mizinga juu ya kilima chochote na kuona kilichomo ndani. Kuta zikiwa fupi, askari walio ndani wanauawa. Zikiwa ndefu kupita kiasi, fedha na mawe vinapotea bure. Ni lazima ijulikane kila ukuta uinuke kiasi gani ili asiwepo mahali popote, ndani ya masafa ya mizinga, pa kumwezesha adui kuona au kupiga ndani. Njia iliyotumika ilikuwa ya hesabu tupu: unachukua kilima kimoja, unapiga hesabu ya mstari wa macho kutoka hapo hadi ukutani, kisha kilima kingine, kisha kingine. Kazi hiyo ilikula siku nyingi, na kosa moja katika hesabu liliharibu yote.

Wazo la msingi la kulitatua tatizo la aina hiyo kwa mchoro linaweza kuelezwa hivi. Fikiria bapa moja kubwa, kama ubao uliotandazwa, linaloegemea vilele vya vilima na kushuka kuelekea ngomeni. Aliye kilimani hawezi kuona kilicho chini ya bapa hilo iwapo ukuta umelifikia. Kwa hiyo kazi ya mjenzi inageuka kuwa ya kulitafuta bapa hilo karatasini na kupima urefu wa kuta hadi linapopita. Hesabu nyingi zinaondoka, na mahali pake panachukuliwa na rula na bikari.

Monge alileta jibu lake mapema kuliko ilivyotarajiwa, mapema kiasi kwamba mkuu wa shule alikataa hata kulitazama. Aliona ni muhali mtu kumaliza hesabu zile kwa muda mfupi namna hiyo. Kijana alieleza kwamba hakuzifanya hesabu zile kabisa, bali alipita njia nyingine. Jibu likakaguliwa, likaonekana ni sahihi, na thamani ya njia yenyewe ikatambuliwa mara moja. Matokeo yake yalikuwa mawili. Monge alitolewa karakanani, akafanywa msaidizi wa Charles Bossut, profesa wa hisabati, na ilipofika mwaka 1769 akashika nafasi yake kabisa. Tokeo la pili ni kwamba njia yake ilifungwa. Maofisa wa Mézières peke yao ndio walioruhusiwa kujifunza elimu hiyo, na yeye hakuwa na idhini ya kuichapisha wala kuifundisha mahali pengine.

Elimu iliyokunjwa katika karatasi moja

Inafaa kusema wazi kwamba Monge hakuumba kila kitu kutoka hewani. Waashi na maseremala wa Ulaya walikuwa wakichora sura ya juu na sura ya mbele tangu karne nyingi, na mhandisi Amédée Frézier alikuwa amekwisha kuandika kitabu kikubwa kuhusu ukataji wa mawe na mbao kabla Monge hajazaliwa. Lakini elimu ya mafundi hao ilikuwa rundo la mbinu, kila kazi na mbinu yake: hii ya tao, hii ya ngazi ya mzunguko, hii ya kuba. Mwana alipokea kwa baba, naye akamwachia mwanawe. Monge aliuliza ni kitu gani kimoja kilicho chini ya mbinu zote hizo, akakipata.

Mtu anaweza kukiona kitu hicho akisimama katika kona ya chumba. Ashike kiberiti hewani. Nukta yoyote ya kiberiti hicho ina kivuli kimoja kikishushwa wima hadi sakafuni, na kivuli kimoja kikisukumwa kwa unyoofu hadi ukutani. Ukijua vivuli hivyo viwili, unajua mahali ilipo nukta yenyewe, wala huhitaji jambo jingine. Kisha ufikirie ukuta umefungwa kwa bawaba pale unapokutana na sakafu, nawe unaulaza chini hadi uwe sawa na sakafu. Sakafu na ukuta sasa ni karatasi moja. Kitu chenye urefu, upana na kimo kimeingia kizima katika karatasi isiyo na kimo, na kinaweza kutolewa tena humo bila kupoteza chochote. Elimu hiyo Monge aliiita jiometri ya maelezo.

Nguvu yake huonekana pale macho yanapodanganya. Chukua boriti ya kona katika paa la migongo minne, ile inayotoka pembe ya nyumba na kupanda kwa mshazari kuelekea katikati. Tuseme kutoka pembe hadi kileleni ni mita 3 kwa upande wa mbele ya nyumba na mita 4 kwa upande wa ubavu, na kilele kimeinuka mita 2. Sura ya juu itaionyesha boriti hiyo ikiwa na urefu wa mita 5. Sura ya mbele itaionyesha ikiwa na mita 3.6 hivi. Zote mbili si kweli, kwa sababu boriti imeegemea mbali na kila upande unaotazamwa. Monge anafundisha kuizungusha boriti karatasini, kilele chake kikiwa kimebaki mahali pake, mpaka ilingane na ukuta wa mbele. Hapo sura ya mbele inasema ukweli: mita 5.4 kasoro kidogo. Seremala aliyekata mbao kwa kuiamini picha ya kwanza ya mbele angepungukiwa karibu mita 1.8, na mbao iliyokatwa hairefushwi.

Hata ule uchoraji unaopendwa zaidi na wanaojifunza kwa burudani, ambamo njia hupungua upana kadiri inavyokwenda mbali na reli mbili huonekana kukutana, unazaliwa na sura hizo hizo mbili. Wachoraji wa Italia waliujua tangu karne ya 15. Katika njia ya Monge, jicho la mtazamaji huwekwa karatasini kama nukta nyingine yoyote, na mbele yake husimamishwa bapa mfano wa kioo cha dirisha. Kutoka kwenye jicho unapigwa mstari hadi kila pembe ya jengo, na pale mistari inapotoboa kioo ndipo picha ilipo. Vivuli vya jua navyo vinapatikana kwa njia ile ile, jua likichukua nafasi ya jicho. Anayeanza kwa kuchora nyumba kwa kukisia hushangaa kwa nini madirisha yake yanaonekana kupinda. Mara nyingi kosa halimo katika mkono wake. Hajajua bado jicho lake limesimama wapi.

Monge alifundisha Mézières hadi mwisho wa mwaka 1784. Miongoni mwa wanafunzi wake alikuwamo Lazare Carnot, aliyekuja kuwa mpangaji mkuu wa majeshi ya Mapinduzi. Mwaka 1777 Monge alimwoa Catherine Huart, mjane aliyekuwa na karakana ya kufua chuma, na tangu hapo akazama pia katika elimu ya madini. Mwaka 1780 Akademia ya Sayansi ya Paris ilimpokea, na mwaka 1783 alifanya jaribio la kutengeneza maji kwa kuunguza haidrojeni, bila kujua kwamba Lavoisier alikuwa akishughulikia jambo hilo hilo. Mwana wa mchuuzi alikuwa sasa mtu mashuhuri. Lakini elimu aliyoithamini kuliko zote bado ilikuwa chini ya kufuli.

Kufuli lavunjwa

Mapinduzi ya mwaka 1789 yalimkuta akiwa na miaka 43, naye aliyapokea kwa moyo wote, jambo lisilo la ajabu kwa mtu aliyewahi kukataliwa mlangoni kwa sababu ya ukoo. Agosti 1792, ufalme ulipoangushwa, aliteuliwa kuwa waziri wa jeshi la majini. Kazi hiyo hakuimudu vizuri. Alikuwa mwalimu, si mwanasiasa, na mwezi Aprili 1793 alijiuzulu. Ni katika miezi hiyo ndipo mfalme Louis wa 16 alipohukumiwa na kukatwa kichwa, na baraza la mawaziri alimokuwamo Monge ndilo lililosimamia utekelezaji wa hukumu hiyo. Watu wa ukoo wa mfalme hawakulisahau jambo hilo.

Ufaransa ilipozingirwa na majeshi ya jirani zake, yeye na wanasayansi wenzake waligeuka kuwa watu wa karakana. Walitafuta chumvi ya baruti katika udongo wa maghala na mazizi, wakafundisha jinsi ya kutengeneza chuma cha pua, na Monge akaandika kitabu kinachoeleza, kwa michoro mingi, namna ya kusubu mizinga. Hapo aliona kwa macho yake gharama ya ile siri ya Mézières. Mafundi walikuwa na nguvu na bidii, lakini mtu aliyebuni kitu hakuwa na lugha ya kumweleza yule atakayekitengeneza, na taifa zima lilitegemea vyombo kutoka nje kwa sababu ya uhaba wa watu wanaojua kuchora kwa usahihi.

Basi Januari 1795 ilipofunguliwa Shule ya Ualimu mjini Paris, iliyokusanya zaidi ya watu 1,000 kutoka pembe zote za nchi ili wakawe walimu wa walimu, Monge alisimama mbele yao na kusema hadharani yale aliyokatazwa kuyasema tangu ujana wake. Katika mpango wa masomo yake alieleza kwamba nia yake ni kuikomboa kazi ya viwanda ya Ufaransa kutoka katika utegemezi wa wageni, na kwamba mchoro wa aina hiyo ni lugha ambayo mbunifu, msimamizi na fundi wote hawana budi kuijua. Makarani wenye hati mkato waliandika maneno yake, nayo yakachapishwa. Mwaka 1799 masomo hayo yalitolewa kama kitabu kamili.

Waliohudhuria masomo yake walisimulia kwamba alifundisha kwa mikono kama alivyofundisha kwa chaki. Nyuso zilizopinda, makutano ya silinda na koni, kuba juu ya kuta nne, vyote alivichora hewani kwa viganja, na wasikilizaji wakaviona.

Shule ya Ualimu haikudumu. Ilifungwa baada ya miezi michache. Iliyodumu ni nyingine, iliyoanzishwa mwishoni mwa mwaka 1794 na ambayo mwaka uliofuata ilipewa jina la École Polytechnique. Monge alikuwa miongoni mwa waasisi wake wakuu, na jiometri ya maelezo ilichukua sehemu kubwa ya saa za masomo. Kilichohitajika mlangoni safari hii ni mtihani, na wala si ukoo. Vijana walioingia walipewa posho ya kujikimu.

Roma na Kairo

Sura inayofuata ya maisha yake haina usafi wa mistari yake. Mwaka 1796 alipelekwa Italia akiwa katika tume iliyochagua picha, sanamu na miswada ya kuchukuliwa na jeshi lililoshinda na kupelekwa Paris. Sehemu ya mali hiyo ilirudishwa baada ya mwaka 1815. Nyingine, kama picha kubwa ya Veronese ya harusi ya Kana iliyochukuliwa Venice, ingali Paris hadi leo. Huko Italia alifanya urafiki wa karibu na jenerali kijana, Napoleon Bonaparte, na urafiki huo ukamfuata hadi kaburini.

Mwaka 1798 walikwenda pamoja Misri, jenerali akiwa na jeshi lake na Monge akiwa na wataalamu zaidi ya 100. Mwezi Agosti iliundwa Taasisi ya Misri mjini Kairo, Monge akiwa rais wake na Bonaparte makamu. Monge aliandika maelezo ya mazigazi, yale maji ya uongo yaliyowatesa askari wenye kiu jangwani, akionyesha kwamba miale ya mwanga hurudishwa juu inapokutana na tabaka la hewa lililopashwa joto na mchanga. Mwanahistoria wa Kairo, Al-Jabarti, aliitembelea nyumba ya wataalamu hao akaandika kwa mshangao juu ya maktaba na majaribio aliyoyaona. Aliandika pia, bila kupunguza, juu ya Oktoba ile ile ambapo wenyeji waliasi, mji ukapigwa kwa mizinga na wapanda farasi wa Kifaransa wakaingia katika msikiti wa Al-Azhar. Wataalamu na wapanda farasi walikuwa wamekuja kwa meli zile zile.

Matunda ya masomo ya Monge yalionekana katika mikono ya vijana. Wahandisi wawili, Jollois na Villiers, walipanda mto Nile mwaka 1799 na kupima mahekalu kwa kanuni za sura ya juu na sura ya mbele. Dari la Dendera lenye duara la nyota walilichora wakiwa wamelala chali katika chumba chenye giza. Michoro yao iliingia katika juzuu kubwa za Maelezo ya Misri zilizoanza kutoka mwaka 1809. Duara lenyewe lilikatwa kutoka katika dari mwaka 1821 na Wafaransa wengine, nalo sasa liko katika jumba la Louvre. Huko Dendera imebaki nakala.

Malipo ya utiifu

Monge alirudi Ufaransa mwaka 1799 katika meli moja na Bonaparte, na rafiki yake alipojitwalia madaraka, heshima zilimiminika. Alifanywa seneta, na mwaka 1808 akapewa ukabaila kwa cheo cha Comte wa Péluse, jina la mji wa kale wa Misri. Mtu aliyezuiwa mlangoni kwa kukosa ukabaila alikuwa sasa kabaila. Wakati huo huo, shule aliyoiasisi ilikuwa ikibadilika: Napoleon aliifanya kuwa ya kijeshi mwaka 1804, na mwaka 1805 wanafunzi wakaanza kutozwa ada. Mwaka 1809 Monge aliacha kufundisha humo kwa sababu ya afya yake.

Napoleon aliposhindwa Waterloo mwaka 1815, wafalme walirudi, wakiwa na orodha ya majina. Mwezi Machi 1816 Monge na Carnot waliondolewa katika Akademia, mahali pa heshima ya kisayansi, kwa amri ya mfalme. Kiti cha Monge akapewa Augustin Cauchy, mwanahisabati mkubwa bila shaka, ila aliyeteuliwa badala ya kuchaguliwa na wenzake. Mwezi uliofuata wanafunzi wote wa École Polytechnique walifukuzwa, na shule ilipopangwa upya, Jean Hachette, msaidizi wa miaka mingi wa Monge, hakurudishwa. Katika mwaka huo huo mwanafunzi wa zamani wa shule hiyo, Claudius Crozet, alivuka bahari akaanza kufundisha jiometri ya maelezo katika chuo cha kijeshi cha West Point nchini Marekani. Huko Marekani, miongo kadhaa baadaye, mafundi walibadilisha mpangilio wa sura karatasini, sura ya juu ikawekwa juu ya sura ya mbele badala ya chini yake. Ndiyo sababu wanafunzi wa leo hulazimika kujifunza mipangilio miwili na kuangalia kwanza alama ndogo ya koni iliyokatwa pembeni mwa karatasi.

Monge mwenyewe alikuwa amevunjika. Alifariki mjini Paris tarehe 28 Julai 1818, akiwa na umri wa miaka 72. Wanafunzi wa École Polytechnique waliomba ruhusa ya kumsindikiza, serikali ikawakatalia. Rafiki yake wa Italia na Misri, mkemia Claude Berthollet, alizungumza kaburini katika makaburi ya Père-Lachaise mbele ya waliothubutu kufika. Wanafunzi walisubiri hadi siku yao ya mapumziko. Siku hiyo hapakuwa na amri iliyowazuia kutembea mjini, nao wakaenda makaburini, wakaweka shada la maua na kurudi shuleni.

Miaka miwili baadaye, mwaka 1820, kitabu chake kilichapwa upya kikiwa na sehemu mpya iliyotolewa katika karatasi alizoziacha, inayohusu vivuli na uchoraji wa umbali kama jicho linavyouona. Aliyeihariri alikuwa Barnabé Brisson, mhandisi wa barabara na madaraja aliyesoma École Polytechnique. Mabaki ya Monge yalihamishiwa katika jumba la Panthéon mjini Paris mwezi Desemba 1989, serikali ya Ufaransa ikiadhimisha miaka 200 ya Mapinduzi.